Mkuki na Sinia

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa presha amenipa kazi. Eti kila nikipandwa na hasira nisipige kelele, niandike. Nimemwambia shule mimi niliiona dirishani, kuandika kwangu ni jina langu na namba za matangi. Akasema, "Hivyo hivyo, babu, andika unavyosema." Babu! Hanijui, simjui, nimekuwa babu yake lini? Basi nimenunua daftari, na hasira ya kwanza ndiyo hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua zimeanza. Paa letu halivuji. Nililipiga mimi.

Jumapili, 9 Machi

Kikao sebuleni. Mwanangu wa kwanza, yule fundi umeme, ndiye aliyekiitisha. Watoto wamechangishana, wanataka familia iwe na boti yake ya matembezi, tuache kukodi lile la mbao la yule bwana wa ziwani linalonuka mafuta ya taa. Yadi ya boti kumebaki mbili za kufaa, zote za alumini, zote zina injini. Tunanunua moja, tuwe nayo mvua zikikatika.

Mwanangu akasimama, akakohoa kama mwenyekiti. "Baba, hapa mwenye kujua bati ni wewe. Chagua wewe. Neno la mwisho ni lako."

Wote wakapiga makofi. Nikawaambia mmesema wenyewe, nisije nikasikia kingine. Hata mkwe wangu, mke wa huyo huyo mwanangu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alipiga makofi.

Mke wangu alikuwa anashona kifungo, hakuinua hata kichwa. Yeye hana habari na boti. Tukienda ziwani hubaki ufukweni kulinda vikapu. Anapenda hivyo.

Jumamosi, 15 Machi. Mvua asubuhi, jua mchana

Tumekwenda yadi. Muuza boti ni kijana mnene, anatabasamu hata akipiga chafya. Nimempa jina, Tabasamu.

Boti ya kwanza niliipenda kabla sijashuka garini. Iko juu ya tela lake, pua imechongoka, kuta ndefu, tumbo limekaza, na imepigwa ribiti, ile misumari ya kushonea bati kwa bati, kuanzia puani mpaka nyuma, mstari umenyooka kama mshono wa suti. Injini yake unaishika kwa mkono, umekaa nyuma, kila mtu yuko mbele yako na wewe ndiye unayejua mnakwenda wapi. Nimeiita Mkuki.

Ya pili imelazwa chini juu ya mbao. Pana, bapa, pua haina. Ribiti haina hata moja, imechomelewa. Ina mabenchi yenye migongo, turubai la kivuli, usukani kama wa gari, na ubavuni ina mlango. Mlango! Boti yenye mlango na komeo kama choo. Nimeiita Sinia.

Nikagonga. Anayenijua anajua kugonga kwangu. Nagonga bati kwa kifundo cha kidole, natega sikio, nakwambia unene wake, nakwambia fundi wake alikuwa na haraka au hakuwa. Matangi ya maji ya mji huu, nusu nimeyapiga mimi, peke yangu, kwa mkono huu. La hospitali langu. La shule langu. La gereza langu, na wafungwa wamekwisha kuvunja ukuta mara kadhaa lakini tangi liko pale pale.

Tabasamu akaja nyuma yangu. "Mzee, hii ya kuchomelewa ni ngumu zaidi, na kwa familia..."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna, mzee."

"Basi tabasamu."

Mkwe wangu alikuwa amekwisha kukaa kwenye Sinia, ameweka na miguu juu. "Baba, njoo ukae, pana pa kuegemeza mgongo."

"Mgongo wangu una mfupa wake," nikamwambia.

Na mke wangu naye akanitia aibu. Aliingia Sinia kwa ule mlango, akatoka. Akaingia tena, akatoka. Akafungua komeo, akafunga, akafungua. Kama mtoto aliyeona lifti. Nikamwambia amwache mwenye duka afanye kazi zake.

Jumapili, 16 Machi

Nimetangaza. Mkuki. Nilitegemea makofi. Kijiko tu kikagonga kikombe.

Mwanangu akaanza, "Baba, watoto watakaa wapi?"

"Kwenye mbao, kama watu."

"Na jua likiwa kali?"

"Watavaa kofia."

Mkwe akadakia, "Na mama atapandaje? Ule ukuta unanifika mimi kiunoni."

"Mama hapandi. Mama analinda vikapu."

Mkwe akamtazama mke wangu. Mke wangu akaitazama sindano. Hapo ndipo damu iliponipanda. Mke wangu ana mdomo wake, ana haja gani ya wakili? Tena tangu nimuoe hajaugua hata siku moja, hilo nawaambia watu wote, kazini, barabarani, kinyozini, na yeye mwenyewe husikia nikisema na hajawahi kukanusha.

Waliniambia neno la mwisho ni langu. Kumbe ni langu likiwa lao.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Presha juu. Muuguzi kauliza kama naandika. Naandika. Kasema niandike zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Wamenitumia jasusi. Mjukuu wangu Kibiriti, amekaa pajani kwangu, ananichezea ndevu.

"Mume wangu, chagua ile yenye mlango."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Mama kasema nisiseme kanituma."

Nikampa peremende, nikamrudisha kwa mama yake na jibu. Jibu ni Mkuki.

Jumatano, 26 Machi

Mvua mfululizo. Barabara ya yadi ni tope tupu. Nimekwenda hivyo hivyo kumwangalia Mkuki. Tabasamu akanishika mkono kwenye gurudumu la tela, nikapanda, nikakaa nyuma, nikashika mkono wa injini. Kuna watu wanazaliwa kukaa mahali fulani.

Jumapili, 30 Machi. Mvua imepumzika

Ziwani, na lile boti la kukodi. Limejaa maji machafu chini, viatu vyote vimelowa. Ndiyo maana nasema tumnunue Mkuki upesi.

Mke wangu alibaki na vikapu, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua. Nikampungia mkono, akanipungia. Tuliporudi akaniuliza, "Mlifika mbali?"

"Mbali."

"Kukoje?"

"Maji tu."

Akaanza kugawa chakula.

Ijumaa, 4 Aprili

Haya ni matusi, nayaandika yote. Mwanangu amekuja na simu yake, kasoma mahali kwamba boti za ribiti zikizeeka huvuja, kwa sababu ribiti hulegea. Ananisomea mimi! Mimi niliyelegeza meno kwa kelele za ribiti!

"Baba, ndivyo walivyoandika."

"Walioandika wamepiga tangi gani?"

"Baba, boti si tangi."

"Bati ni bati, maji ni maji. Kitu kinavuja au hakivuji. Tangi hulisomi kwenye simu. Unalijaza maji, unazunguka na tochi, unaangalia chozi. Likitoka hata chozi moja, tangi halitoki karakanani."

Nilipokuwa nasema hayo nikapata akili. Nitawaonyesha. Nitawafunga midomo, kuanzia mkubwa mpaka Kibiriti.

Jumanne, 8 Aprili. Mvua kidogo

Naandika suruali ikiwa bado kambani.

Nimekwenda yadi mchana, Tabasamu alikuwa anatoka kwenda kula. Nikamwambia nenda, mimi nipo, namtazama Mkuki wangu. Akatabasamu akaenda. Pale ukutani pana bomba na mpira mrefu wa kuoshea boti. Nikatafuta tundu la kutolea maji chini ya Mkuki, nikalikuta, nikakaza kizibo chake vizuri, nikatupia mpira ndani, nikafungulia.

Ninavyopima tangi ndivyo hivyo. Hujazi nusu. Ukijaza nusu umepima nusu.

Maji yakapanda. Nikazunguka na tochi, nikapitisha kidole kwenye mstari wa ribiti, kavu. Nikafurahi. Yakafika usawa wa mbao za kukalia, kavu. Nikaanza kuimba. Maji yakapanda zaidi, na hapo nikasikia Mkuki anaguna. Mlio huo naujua, bati likibeba kisichokuwa mzigo wake huguna. Nikainama nikatazama chini. Tumbo lilikuwa limeanza kushuka katikati ya zile mbao za tela, na kwenye mshono wa kati, chozi. Chozi moja. Kisha la pili. Kisha mshono mzima ukaanza kulia kama mtoto.

Nikapiga kelele, "Linavuja! Linavuja!" Sijui nilikuwa namwambia nani, na sijui kwa nini nilipiga kelele kwa furaha, maana lililokuwa linavuja ni boti langu mwenyewe.

Ndipo springi ya tela ikakatika. Mlio wake ulikuwa kama bunduki. Tela likalala upande, Mkuki akalala naye, na maji yote yakatoka kwa mpigo mmoja, yakavuka yadi, yakaingia kwenye lile kontena ambalo Tabasamu amelifanya ofisi, yakatoka na kiti cha plastiki, na ndala, na kalenda. Mimi yalinichukua miguu. Nikakaa chini. Nikaenda nimekaa hivyo hivyo mpaka getini.

Getini nikakutana na Tabasamu anarudi, ana kijiti cha meno mdomoni. Kwa mara ya kwanza nikamwona bila tabasamu. Ana uso wa kawaida tu, tena wa huzuni.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimelipima."

"Umelipima kwa kulijaza maji?"

"Ulitaka nilijaze mchanga?"

Akashika kichwa. "Mzee wangu, boti maji yake yanakaa nje! Nje, mzee! Yanalisukuma kuingia ndani! Wewe umeyaweka ndani yamelisukuma kutoka nje!"

Nikamjibu maji ni maji. Lakini nilikuwa nimekaa chini kwenye tope, na mtu aliyekaa kwenye tope maneno yake hayana uzito.

Mwanangu akaja kunichukua. Njia nzima alikuwa anauma mdomo, mabega yanamtetemeka. Nikamwambia ukicheka nashuka. Hakucheka. Alipofika nyumbani alikwenda nyuma ya nyumba, nikasikia anacheka kule pamoja na mkewe mpaka wakakaa chini.

Mke wangu alinipa taulo. "Umeumia?"

"Sijaumia."

"Mshono wa kati?" akaniuliza.

"Wa kati."

"Ungeliwekea mbao tumboni kwanza," akasema, akaenda kuanika suruali.

Nani kamuuliza?

Jumatano, 9 Aprili

Siongei na mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Tabasamu kwa miguu yangu. Nimemwambia: springi mwanangu ataileta, mshono nitauziba mimi, ribiti kwa ribiti, na nikimaliza huyu Mkuki atakuwa mzima kuliko alivyotoka kiwandani. Akaniangalia sana. "Bila mpira wa maji?" Bila mpira wa maji. Tabasamu likarudi nusu.

Jumanne, 15 Aprili. Mvua kubwa, turubai tulilofunikia kazi limechanika

Kazi. Nimeng'oa ribiti zilizolegea zote. Mkono haujasahau.

Shida ni huyu kijana. Ribiti hapigi mtu mmoja. Mimi napiga nje kwa nyundo, mwingine lazima awe ndani, anakinga kwa chuma kizito pale pale ninapopiga, chuma kisiteleze, kisitangulie, kisichelewe. Kikitangulia ribiti inakaa upande. Kikichelewa bati linabonyea. Tabasamu anakinga kama mtu anayemshikilia mbuzi wa jirani.

"Kaza!"

"Nimekaza, mzee."

"Umekaza meno, kaza chuma!"

Ribiti za leo nyingi nimezing'oa tena.

Alhamisi, 17 Aprili

Vile vile. Nimemwambia Tabasamu ukweli, nimefanya kazi na wakingaji wengi na yeye ndiye wa mwisho wao. Akaniuliza wa kwanza alikuwa nani. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta jibu ni mke wangu. Wengine wote walidumu wiki, wakakimbia kelele. Tangi likikaribia kwisha unabaki mlango wa juu tu, tundu la mtu mwembamba. Mke wangu ndiye aliyekuwa anapita pale na chuma chake, anapiga magoti ndani, gizani, mimi napiga nje. Hatukuwa tunasemeshana. Alikuwa anasikia nyundo yangu inapokwenda, chuma kinakuwa kimefika kabla yangu.

Tabasamu akasema, "Kumbe yale matangi si yako peke yako."

Nikamwambia akaze chuma.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemwomba aje. Nilisema tu, "Kama huna kazi, kuna mtu kule hajui kukinga." Akavua kitenge cha jikoni akavaa cha kutokea.

Yadi alitafuta pa kuingilia Mkuki. Akazunguka tela mara moja. Mwishowe Tabasamu alimletea kreti la soda, na mkwe aliyetuendesha akamshika kwapa, na bado ilichukua muda mrefu hata mimi nikageuka nikajifanya natafuta nyundo. Alipokaa ndani nikapiga. Chuma kilikuwa kimefika. Mstari mzima tuliumaliza kabla ya mvua ya mchana, hakuna ribiti iliyolala upande. Tabasamu alibaki mdomo wazi, akapata la kujifunza.

Njiani kurudi nikamuuliza kama amechoka. Akasema kidogo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkuki mzima. Sasa ana ribiti zangu ndani, basi habari imekwisha, nani atachagua Sinia? Mwanangu bado anasema, "Tutaona, baba." Tutaona nini? Neno la mwisho halina tutaona.

Kuhusu ule ukuta, nimepata dawa. Nimepiga ngazi ya alumini, inaning'inia ubavuni, ina kishikio, na pembe zote nimezikunja zisikwaruze mguu. Kazi ya mkono. Ngazi kama hiyo haiuzwi popote. Nitampandishia nayo mke wangu mbele yao wote, tuone watasema nini.

Jumamosi, 3 Mei. Manyunyu, kisha jua

Haya nayaandika yote, muuguzi asome akitaka.

Tabasamu aliwashusha Mkuki na Sinia majini ili tujaribu zote mbili. Ziwa limejaa, maji yanalamba mbao za gati. Familia nzima ilikuwepo. Nikamfunga Mkuki gatini, nikaning'iniza ngazi, nikaikung'uta kwa mguu waone haichezi. Nikasimama ndani nikanyoosha mkono.

"Mama watoto, karibu."

Akaja. Akaweka mkono kwenye kishikio. Akainua mguu, ukafika nusu ya hatua ya kwanza, ukarudi. Akautazama ule mguu kama si wake. Akainua tena, ukarudi. Mkuki alikuwa anayumba, ngazi inayumba naye. Mwanangu akasogea amshike, mke wangu akamwambia, "Niache."

Kisha akaachia kishikio.

Nikamwambia, "Jaribu tena, ni hatua ndogo, nimeipima."

"Sitaki ngazi," akasema.

"Ngazi ina shida gani? Nimeikunja pembe zote!"

"Ngazi ni nzuri. Siitaki."

"Unataka nini sasa?"

Hakupaza sauti. Hajawahi kupaza sauti huyu mwanamke, ndiyo maana mtu unaweza kuishi naye umri wote usimsikie. Akasema, "Nimeingia kwa tundu kwenye matangi yako yote. Nimepanda ngazi, nimeshuka ngazi, nimesukumwa na kuvutwa. Magoti yamekwisha. Nimekaa na vikapu tangu mwaka gani, wewe unasema napenda vikapu. Nani anapenda vikapu? Nataka kwenda kule mnakokwenda. Nataka mlango."

Akatembea mpaka kwenye Sinia. Sakafu yake na mbao za gati ni usawa mmoja. Akafungua komeo. Akapita. Akakaa. Hakushikwa na mtu.

Na mimi je? Nilikasirika! Nilikasirika sana. Nikawauliza wote pale gatini, mlikuwa mnajua? Mkwe akatazama chini. Mwanangu akasema, "Baba, kila akikaa mkekani anainuka kwa kushika ukuta." Nikasema kwa nini hamkuniambia? Mkwe akasema, "Mama alitukataza. Anasema wewe unawaambia watu hajawahi kuugua, hataki uonekane muongo."

Nikaamua kushuka. Nikainua mguu kuvuka ukuta wa Mkuki, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaenda kwenye bega la Tabasamu. Alikuwa amekwisha kusogea. Amesimama tayari kama anavyosimama kila siku ninapopanda na kushuka, na mimi kila siku nilidhani anapenda tu kuwa karibu na mimi.

Jumapili, 4 Mei

Nimenuna.

Jumanne, 6 Mei

Bado.

Alhamisi, 8 Mei

Muuguzi amepima mara mbili. Kauliza, "Babu, una hasira na nani safari hii?" Nikasema naandika bado, sijafika kwenye jina.

Jumapili, 11 Mei

Nimeitisha kikao mimi. Nikasimama, nikakohoa. Nikawakumbusha nani mwenye neno la mwisho. Nikasema nimezitazama boti zote mbili kwa jicho la fundi, nimegonga, nimesikiliza, nimepima kwa maji, kitu ambacho hakuna mwingine humu aliyefanya. Hapo mwanangu akaanza kukohoa, nikamngoja amalize. Nikasema uamuzi wangu, wangu mimi, nisiyeshauriwa na mtu, ni Sinia.

Makofi. Kibiriti akaniruka shingoni. Mkwe akasema, "Baba una akili." Nikamwambia najua.

Mke wangu alikuwa na sindano yake. "Na ribiti zako je?" akaniuliza taratibu.

"Zetu," nikasema.

Jumamosi, 17 Mei

Tabasamu ametuambia Mkuki kachukuliwa na mvuvi mmoja, na mvuvi alipoambiwa boti imeshonwa upya na nani hakuuliza tena. Amenunua na ngazi. Haya.

Mvua ya mwisho imenyesha, inaonekana. Mawingu yamekuwa membamba.

Jumamosi, 24 Mei. Jua

Tumekwenda na Sinia.

Jambo la kwanza niliudhika. Mkwe alikaa kwenye usukani kabla sijafunga mkanda wa boya. Jambo la pili niliudhika, turubai lile linapigapiga kama nguo kwenye kamba. Jambo la tatu, hakuna aliyeniuliza tunakwenda upande gani. Nikasimama gatini nikasema kwa sauti, "Haya, nyote mmeingia. Nani atalinda vikapu?"

Nilikuwa natafuta ugomvi, sikatai.

Mke wangu yuko kwenye benchi la mbele, mgongo ameegemeza, kanga ameifunga vizuri kichwani. Akasema, "Linda wewe." Akamgusa mkwe begani. "Twende, mama."

Wakaenda! Haki ya nani wakaenda. Nilidhani watageuka. Hawakugeuka.

Nikapindua ndoo, nikakaa. Mtu anayelinda vikapu hana kazi yoyote, hilo ningependa watu wajue. Hakuna mwizi. Kuna nzi. Unafukuza nzi, unatazama boti inakuwa ndogo. Mwanzoni unasikia wanacheka, unatambua huyu ni Kibiriti, huyu ni mwanangu. Kisha unasikia kucheka tu, hujui ni nani. Kisha husikii. Unabaki na maji yanagonga gati, na nzi, na vikapu ambavyo havijakwambia asante. Wakazunguka kile kisiwa chenye mawe mbele ya gati, wakapotea. Nikasimama nione. Nikakaa. Nikasimama tena. Hakuna aliyeniambia kwamba upande wa nyuma hauonekani ukiwa hapa. Miaka yote hiyo hakuniambia.

Walipotokea tena nilikuwa ukingoni mwa gati, sijui nilifikaje. Sinia likaja taratibu, likagusa mbao. Nikaligonga ubavuni kwa kifundo, nikatega sikio. Aliyelichomelea hakuwa na haraka. Hilo sitawaambia.

Nikamuuliza mke wangu, "Mlifika mbali?"

"Mbali."

"Kukoje?"

Nilidhani atanilipa kwa jibu langu mwenyewe, na ingekuwa haki yake. Akafikiri kidogo. "Nyuma ya kisiwa kuna ndege weupe," akasema, "wengi, wamekaa juu ya mawe kama nguo zilizoanikwa. Ukipita karibu hawaruki. Na maji yana rangi mbili, na pale rangi zinapokutana boti inatetemeka kidogo, unaisikia kwenye nyayo."

"Sijawahi kuona ndege kule," nikasema.

"Wewe ulikuwa unaangalia injini."

Akainama akavuta komeo. Mlango ukafunguka. Sikuhitaji bega la mtu. Akasogea kwenye benchi, si sana, kiasi cha mtu mmoja anayejibana.

"Na vikapu?" nikamuuliza.

"Viache hapo," akasema. "Vimezoea."

Nikapita.